UZI: Kuchagua na kusimika doki nyepesi kwenye Linux, hasa kwa kompyuta yenye RAM ndogo

Ndugu wanajukwaa,

Mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kompyuta mpakato anayotungia mitihani ni ya mtumba. RAM yake ni GB 2, diski yake ni ya zamani, ile inayozunguka, na skrini ina nukta 1366 kwa 768. Nilimwekea Linux Mint 22 yenye Xfce (Xfce ni eneokazi, yaani mazingira ya madirisha, paneli na menyu), ambayo watengenezaji wake wenyewe wanasema inahitaji angalau GB 2 za RAM, na kwamba GB 4 ndizo zinazomfanya mtu afanye kazi kwa raha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukuwa na akiba yoyote ya kuchezea. Baada ya wiki moja alinipigia simu akiwa na ombi moja: "Mjomba, kwenye simu programu ninazozitumia kila siku zimejipanga chini ya skrini, nazigusa tu zinafunguka. Huku kila mara nafungua menyu nianze kutafuta. Haiwezekani ikawa kama simu?"

Inawezekana, na kinachofanya kazi hiyo kinaitwa doki, yaani ile safu fupi ya ikoni inayokaa ukingoni mwa skrini, ambayo huzindua programu na papo hapo huonyesha ni zipi zimefunguliwa. Shida ni kwamba ukiuliza doki gani ni nyepesi, utapewa majina matano na picha tano za kuvutia, na hakuna atakayekuuliza unatumia eneokazi gani. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu nimeshaona kompyuta kadhaa zikiharibiwa namna hiyo, na ninaamini swali lenyewe huwa linaulizwa kinyume.

Wengi hupima wepesi wa doki kwa ukubwa wa kifurushi kinachopakuliwa. Kipimo hicho hakitoshi hata kidogo, kwa sababu doki ni kama mgeni: yupo anayefika akala chungu kimoja na wenyeji, na yupo anayekuja na jiko lake, sufuria zake na mpishi wake. Programu inayotumia maktaba (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari ili programu nyingine zivitumie) ambazo eneokazi lako limekwisha kuzipakia kwenye RAM inaongeza kidogo tu, kwa kuwa maktaba moja hupakiwa mara moja na kutumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Programu inayotumia maktaba za ukoo mwingine italazimika kuja nazo zote, hata kama yenyewe ni ya kilobaiti chache.

Ukishika jambo hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Xfce imejengwa juu ya GTK, yaani maktaba za kuchorea madirisha na vitufe, na tangu toleo lake la 4.14 la mwaka 2019 inatumia GTK 3. Plank, doki ninayoipendekeza, nayo inatumia GTK 3, na imeandikwa kwa lugha ya Vala, ambayo kwanza hugeuzwa kuwa C ndipo ikatafsiriwa kuwa programu ya kawaida, kwa hiyo haihitaji mtambo mwingine wa kuiendesha. Ilianza kama kazi ya kuijenga upya Docky, ambayo iliandikwa kwa C# na kutegemea Mono, mtambo wa kuendeshea programu za C#. Wale tulioitumia Docky tunakumbuka jinsi safu moja ya ikoni ilivyokuwa ikiamsha Mono nzima kwa ajili ya kufungua kivinjari tu. Docky leo haiendelezwi tena, na anayekushauri kuisimika anakupa ushauri uliopitwa na wakati.

Latte Dock ilikuwa nzuri sana kwa watu wa KDE, eneokazi jingine lililojengwa juu ya maktaba za Qt, lakini mtengenezaji wake alitangaza mwaka 2022 kwamba anaiacha, na ukiiweka juu ya Xfce itaburuta maktaba za Qt na za KDE ambazo huna kazi nazo nyingine yoyote. Cairo-Dock ina mapambo mengi na viongezo vingi kuliko zote, na kwa michoro yake hutegemea OpenGL, njia ya kuchora kwa kutumia kadi ya michoro. Inaweza kuendeshwa bila OpenGL, ila ukishaivua mapambo hayo sioni tena sababu ya kuichagua.

Kabla ya kusimika chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uambie mfumo ukuonyeshe utakachokipokea bila kukisimika:

apt install --simulate plank

Hesabu mistari inayoanza na neno Inst. Kwenye ile Mint yenye Xfce mistari hiyo ilikuwa michache: Plank yenyewe, maktaba zake, na kile kinachoitwa bamfdaemon, ambacho nitakirudia. Fanya hivyohivyo kwa doki nyingine yoyote unayoifikiria, kisha linganisha orodha. Zoezi hilo huchukua sekunde chache na linakueleza mengi kuliko picha yoyote ya skrini.

Kusimika ni amri moja:

sudo apt install plank

Ukiisha kuizindua kutoka kwenye menyu, safu inatokea chini ya skrini. Mipangilio yake hufunguliwa kwa amri ya plank --preferences, au kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya doki huku umeshikilia Ctrl. Watu wengi hawaijui njia hii ya pili, na hudhani Plank haina mipangilio kabisa, kwa kuwa kwenye mazingira mengine menyu yake ya kawaida haiionyeshi. Kuongeza programu, ifungue kwanza, kisha bonyeza ikoni yake kwa kitufe cha kulia na uchague ibaki kwenye doki. Kila ikoni huhifadhiwa kama faili ndogo ndani ya ~/.config/plank/dock1/launchers, na ndani yake hamna zaidi ya haya:

[PlankDockItemPreferences]
Launcher=file:///usr/share/applications/firefox.desktop

Maana yake ni kwamba ukishaipanga doki ya kompyuta moja unavyotaka, unaweza kuinakili folda hiyo kwenye kompyuta nyingine kumi zenye programu hizohizo, na kazi ikawa imekwisha.

Sasa kuhusu mahali pa kuiweka. Skrini ya nukta 1366 kwa 768 ina upana wa kutosha na urefu wa shida. Paneli ya Xfce tayari imeshakula nukta kadhaa za urefu, na doki yenye ikoni za 48 pamoja na nafasi inayozizunguka itakula nyingine kama 60. Anayeandika mtihani kwenye LibreOffice, ambayo nayo ina milia yake ya vitufe juu, atabaki anaona mistari michache ya karatasi kama anayechungulia dirishani. Nilimhamishia doki ukingo wa kushoto, nikapunguza ikoni hadi 32, na nikachagua doki ijifiche pale tu dirisha linapoigusa. Mpwa wangu alilalamika kidogo, kwa sababu kwenye simu iko chini. Nilimwonyesha ukurasa wa mtihani wa Sayansi wa darasa la tano kwanza doki ikiwa chini, halafu ikiwa kushoto, naye akachagua kushoto mwenyewe. Kule kukua kwa ikoni unapopitisha kipanya nilikuacha kumezimwa, maana kila kukua ni kuchora upya, na kadi ya michoro ya kompyuta ile haina nguvu hizo.

Jioni hiyohiyo ulitokea mstari. Kando ya doki, umbali wa vidole viwili hivi, ulikuwepo mstari mwembamba wa kijivu uliokatiza picha ya eneokazi, na haukuondoka kwa kubadilisha mandhari ya Plank wala kwa kuwasha kompyuta upya. Alidhani skrini imepasuka, na kwa kweli hata mimi niliupitisha ukucha juu ya kioo kwanza. Mstari huo ni kivuli. Msimamizi wa madirisha wa Xfce huchora vivuli kuzunguka madirisha ya aina ya doki, na dirisha la Plank ni kubwa kuliko ikoni tunazoziona, kwa hiyo kivuli kinaangukia kwenye mpaka wa dirisha lisiloonekana. Dawa yake ni kufungua "Window Manager Tweaks", kuingia sehemu ya "Compositor", na kuondoa alama kwenye kivuli cha madirisha ya doki, au kutumia amri hii:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/show_dock_shadow -s false

Mstari unatoweka papo hapo. Lakini msivunjike moyo mkaizima kompozita yote (ile "Compositor", inayochora vivuli na uwazi wa madirisha) kwa hasira, kwa sababu Plank inaihitaji ili sehemu zake zisizo na ikoni zipitishe mwanga. Ukiizima, doki itakaa juu ya kibao cheusi.

Ili ijiwashe kila unapoingia, fungua "Session and Startup", nenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, na uongeze mpya. Kwa kompyuta yenye diski ya kuzunguka ninashauri usiandike plank peke yake, bali hivi:

sh -c "sleep 5 && plank"

Zile sekunde 5 zinaipa Xfce nafasi ya kumaliza kujipanga, na doki haitangulii kompozita.

Nimesema nitarudi kwenye bamfdaemon. Huyu ndiye anayeitambulisha Plank kwamba dirisha fulani ni la programu fulani, na anaendeshwa pembeni kama mchakato unaojitegemea. Anayepima RAM ya Plank bila kumhesabu huyu anajidanganya. Pima vyote viwili:

ps -C plank,bamfdaemon -o rss,comm

Namba utakazoziona ni za kilobaiti, na zinajumlisha pia maktaba zinazotumiwa kwa pamoja, kwa hiyo ni kubwa kuliko gharama halisi. Anayetaka hesabu ya haki asimike smem na atazame safu ya PSS, ambayo humgawia kila mchakato sehemu yake tu ya maktaba za pamoja.

Nisifiche udhaifu. Toleo la mwisho la Plank ya asili ni la mwaka 2019. Elementary OS, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyoibeba Plank, iliweka doki mpya katika toleo lake la 8 la Novemba 2024. Plank pia iliandikwa kwa ajili ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, si Wayland, ule mpya. Kwa Xfce ya leo hilo halinisumbui, kwa sababu kwa kawaida bado inaendeshwa juu ya X11, lakini si jambo la kulifumbia macho.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

—

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nashukuru kwa uzi huu, ndugu. Mimi natumia Ubuntu 24.04 ya kawaida, na nimefuata maelezo yako hatua kwa hatua. Plank imetokea katikati ya skrini badala ya ukingoni, haijifichi, na madirisha mengine haiyaoni kabisa. Nimejaribu kuiondoa na kuirudisha mara tatu bila mafanikio. Je, nimekosea wapi?

—

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, hukukosea popote katika hatua zenyewe. Nilipaswa kuliweka swali hili mwanzoni kabisa mwa uzi, na ninaomba radhi kwa muda wako uliopotea. Fungua terminali uandike:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Bila shaka utajibiwa wayland. Chini ya X11, programu inaruhusiwa kujipeleka ukingoni mwa skrini na kuyatazama madirisha ya programu nyingine. Wayland imeondoa ruhusa hizo kwa makusudi, kwa ajili ya usalama, na Plank haikuandikwa kwa kutarajia hivyo. Kwenye skrini ya kuingilia unaweza kuchagua kikao cha Xorg, yaani cha X11, na itafanya kazi, lakini sikushauri ujenge nyumba hapo, kwa sababu Ubuntu yenyewe imeondoa kikao hicho cha GNOME, eneokazi lake la kawaida, kuanzia toleo la 25.10.

La msingi zaidi ni kwamba tayari una doki. Ule mlia wa kushoto wa Ubuntu ni kiongezo kilichotokana na Dash to Dock, na umekuwepo tangu toleo la 17.10 la mwaka 2017. Unakula RAM hata usipoupenda, kwa hiyo kusimika Plank juu yake ni kulipia kitu kimoja mara mbili. Iondoe Plank, kisha uubadilishe huo ulio nao:

gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock extend-height false
gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock dock-position BOTTOM
gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock dash-max-icon-size 32
gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock dock-fixed false

Ya kwanza inaufupisha mlia ubaki na urefu wa ikoni zake, ya pili inauhamishia chini, ya tatu inapunguza ikoni, na ya nne inaufanya ujifiche dirisha linapoukaribia.

Kama kuna wanajukwaa wanaotumia Sway au Hyprland, mazingira mawili ya Wayland, doki zao ni nwg-dock na nwg-dock-hyprland, ambazo ziliandikwa kwa ajili ya Wayland tangu mwanzo.

—

MCHANGIAJI WA PILI

Mwanzisha uzi, maelezo yako ni mazuri, ila kwa kufuata hoja yako mwenyewe ya mgeni na chungu, nadhani umeiruka doki nyepesi kuliko zote, nayo ni paneli ya Xfce yenyewe. Mchakato wa paneli tayari unaendeshwa. Ukiongeza paneli ya pili hauleti mgeni yeyote nyumbani. Nimefanya hivyo kwenye kompyuta ya duka letu kwa muda mrefu na sijawahi kusimika doki.

Bonyeza paneli kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye mapendeleo ya paneli, na uongeze mpya. Weka urefu wake kuwa asilimia 1, ukiacha alama ya kujiongeza urefu kadiri vitu vinavyoongezeka, kisha iburute hadi ukingo unaoutaka na uifunge isisogee. Chagua ijifiche kwa akili. Baada ya hapo buruta programu zako kutoka kwenye menyu na uziachie juu yake, na kila moja itakuwa kizinduzi.

—

MWANZISHA UZI

Umenisahihisha kwa haki, na ninakubali. Kwa mtu anayetaka vizinduzi tu, hiyo ndiyo inayopaswa kuwa hatua ya kwanza, na Plank ije ikiwa hiyo haikumtosha.

Sababu iliyonifanya nisiishie hapo ni kwamba kizinduzi cha paneli hakijui kama programu yake imefunguliwa. Mpwa wangu alikuwa akibonyeza ikoni ya kivinjari akitarajia kurudi kwenye dirisha lililo wazi, na badala yake anafunguliwa dirisha jipya. Kwa RAM ya GB 2, madirisha manne ya kivinjari yasiyo na kazi ni mzigo mkubwa kuliko doki yoyote tunayoijadili hapa. Kwa maneno mengine, doki inayomzuia mtu asifungue kitu mara mbili inaweza kuilipia RAM yake yenyewe.

Hata hivyo njia yako ina nyongeza inayotatua jambo hilo, nayo ni kiongezo cha paneli kiitwacho Docklike:

sudo apt install xfce4-docklike-plugin

Ukikiweka ndani ya ile paneli ya pili, ikoni iliyobandikwa na dirisha lililofunguliwa vinakuwa kitu kimoja, kama ilivyo kwenye doki kamili, na kinaishi ndani ya paneli bila kumhitaji bamfdaemon. Nimekijaribu jana usiku kwa sababu ya ujumbe wako. Kwa sura hakijafikia Plank, lakini safari ijayo nikienda kwa mpwa wangu nitamwekea vyote viwili, kila kimoja kwa wiki, aamue mwenyewe.

—

MCHANGIAJI WA TATU

Nimeisimika Plank kwenye Mint Xfce na inaenda vizuri, isipokuwa kwa programu moja ya kuhariri picha niliyoipakua nje ya hazina ya mfumo. Nimeibandika kwenye doki, lakini nikiibonyeza inatokea ikoni ya pili pembeni, isiyo na picha, na ile niliyoibandika inabaki kana kwamba haijafunguliwa. Nisaidieni tafadhali.

—

MWANZISHA UZI

Hapo bamfdaemon ameshindwa kulihusisha dirisha na faili la programu lenye mwisho wa .desktop, kwa sababu jina linalobebwa na dirisha halifanani na lililo kwenye faili. Tumtajie sisi wenyewe. Fungua programu hiyo, kisha kwenye terminali andika:

xprop WM_CLASS

Mshale wa kipanya utageuka kuwa msalaba. Ubonyeze juu ya dirisha la programu, na terminali itakurudishia majina mawili yaliyo ndani ya alama za kunukuu. Chukua lile la pili kama lilivyo, kwa herufi zake kubwa na ndogo.

Kisha tafuta faili la .desktop la programu hiyo. Kama liko /usr/share/applications, usilihariri hapo, kwa sababu sasisho linaweza kuyafuta mabadiliko yako. Linakili kwenye ~/.local/share/applications na uhariri nakala. Kama hakuna faili lolote, litengeneze humo humo. Chini ya kichwa cha [Desktop Entry] ongeza mstari huu, ukiweka lile jina la pili baada ya alama ya usawa:

StartupWMClass=

Ondoa ikoni ya zamani kwenye doki, toka kwenye kikao chako na uingie upya, fungua programu, na ubandike ikoni inayotokea.

—

MCHANGIAJI WA TATU

Majina yalikuwa mawili kweli, na nilikuwa nimekosea kwa kuchukua la kwanza, lenye herufi ndogo tupu, ndiyo maana mara ya kwanza haikukubali. Nilipoandika la pili, nikatoka na kuingia upya, imebaki ikoni moja yenye picha yake, na kale kanukta ka programu iliyofunguliwa kanawaka chini yake.